Viti Vinne kwa Zulia Moja

Nyumbani kwangu hakuna zulia. Wageni huuliza, maana nyumba yenyewe si mbaya, ina mapazia, ina makochi ya kitambaa kizuri, lakini sakafu ni saruji tupu iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa. Huwa nawajibu kwamba vumbi linanibana kifua. Ni uongo. Kifua changu ni kizima kabisa, ila nimeusema uongo huo miaka mingi, hata mume wangu, Mungu amrehemu, alikufa akiuamini.

Juzi mke wa kijana wangu mkubwa alinishika mkono akanipeleka mjini kuchagua zulia la sebuleni, zawadi yake kwangu. Ni msichana mwenye subira, na mimi nilikuwa nimeishiwa visingizio. Dukani wakatufungulia moja lililokuwa limekunjwa muda mrefu, na harufu yake ikanipiga usoni: vumbi la sufu, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, na ndani kabisa kitu kama mafuta ya nywele ya mtu nisiyemjua. Nikakaa chini palepale, kwenye sakafu ya duka la watu, na gomesi yangu, lile gauni refu la Jumapili. Mkwe wangu alidhani ni presha, akaanza kuomba maji. Nilimwacha adhani hivyo. Lakini ninyi wenzangu, mliokulia Kampala miaka ile ya wanajeshi, nitawaambia ilikuwa nini.

Tulikaa Nsambya, katika nyumba za polisi, zile za mabati zilizopangwa mistari, mlango ukitazamana na mlango. Baba alikuwa koplo. Kwetu ni kaskazini, na ninyi mnajua maana ya kutoka kaskazini siku zile, tulipokuwa tukishukiwa na kuchukuliwa. Nyumba yetu ilikuwa na chumba cha kulala na chumba cha mbele, na chumba cha mbele kilikuwa na viti vinne vya mvule, vyenye mikono mipana ya kuwekea kikombe. Baba aliviagiza kwa fundi kimoja baada ya kingine, kiti kwa mwaka, na kila kimoja kilipofika alikaa juu yake jioni nzima bila kusema neno, ameridhika. Sisi watoto wa kambini tulijua nyumba nyingine zina mabenchi. Kwa hiyo mimi, Aber, mtoto wake wa pekee, nilikuwa na kiburi cha viti.

Asubuhi moja Baba alikwenda kazini na hakurudi. Siku ya tatu wakaja watu wanne katika gari lisilo na namba, wakapekua hadi chini ya sufuria, kisha gari likateremka upande wa Makindye, kwenye jela ya wanajeshi, na redio ya Baba ndani yake. Walimwambia Mama kwamba mumewe ametoroka kazi, ameandikwa mtoro, na akionekana aripotiwe.

Nataka mwelewe uzito wa neno hilo. Kwa serikali, Baba alikuwa ametoroka, na mtu aliyetoroka hajafa. Mke wake haruhusiwi kulia, maana akilia anasema mumewe amekufa, na akisema amekufa ataulizwa amejuaje, na ni nani aliyemuua. Hapo anakuwa ameishitaki serikali kwa machozi yake. Mama alilijua hilo. Mimi nilikuwa na miaka minane na nilijua jambo moja tu, kwamba mtu aliyekimbia yu hai, na aliye hai hurudi kwake.

Baada ya wiki kadhaa, Jumapili kanisani, tulikuwa tumesimama tunaimba, na nyuma yetu alisimama konstebo mmoja aliyekuwa akifanya kazi na Baba. Katikati ya wimbo akainama kama anayetafuta ukurasa, akasema maneno machache karibu na sikio la Mama. Mama akanyamaza kwa kipande kimoja cha wimbo. Kisha akaendelea, kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza, kubwa hadi watu wa mbele wakageuka. Nikasema moyoni: habari njema imefika. Konstebo alikuwa amemwambia kwamba aliuona mwili wa Baba kwa macho yake, penye maji, pamoja na mingine, na kwamba hakuthubutu hata kuukaribia. Hayo niliyajua nikiwa mtu mzima. Siku ile nilimwona Mama akiimba, nikaimba nami.

Tangu hapo kila alichofanya Mama kilinithibitishia. Alifua mapazia. Alipiga deki hadi chini ya kabati. Alimtuma mtu wa mabasi kaskazini kumwita Nyanya, mama yake Baba, na Nyanya akaja na ufuta na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Tulikwenda kumpokea pale Kalerwe, mabasi ya kaskazini yaliposhushia watu, na walipokumbatiana wawili wale hawakuachana mpaka mwenye mkokoteni akatupigia kelele tupishe njia. Nani anafua mapazia na kumwita mkwe wake kutoka mbali, kama si mtu anayemngoja mume? Nilijiona mwerevu. Niliona wananificha ili wanishtue kwa furaha.

Kumbe walinificha kwa sababu mtoto ana mdomo. Na hapa ndipo ninapowalaumu, ingawa wote wamelala kaburini na mimi ndiye mzee sasa. Wangeniambia, ningenyamaza.

Sasa nieleze jambo la mikeka, maana vijana wa leo wanakodi mahema na viti vya plastiki. Mnakumbuka ilivyokuwa. Nyumba ikipatwa na msiba, kitu cha kwanza ni kutoa viti nje. Chumba cha mbele kinabaki wazi, wanawake wanavua viatu, wanakaa chini, miguu wameinyoosha, na wanaume wanabaki uani. Mtu hawezi kumlilia maiti akiwa juu ya kiti, hiyo ni dharau. Lakini hakuna nyumba yenye mikeka ya kuwatosha waombolezaji wote, kwa hiyo inaazimwa. Kambini, ukiona mkeka umekunjwa unapita mlango kwa mlango chini ya kwapa la mwanamke, huhitaji kuuliza. Ilikuwa tangazo letu la vifo.

Mama hakuweza kuazima hata mkeka mmoja. Mkeka wa kwanza ungepita tu, sajini angekuwa mlangoni. Sajini huyo alikuwa mwanajeshi aliyeletwa kutuangalia, polisi na wake zao, na alitaka kujua kila mkutano wa watu zaidi ya watano. Viti vyetu vinne vikitolewa nje vingeonekana pia. Na Nyanya alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, akisema neno lile lile kila siku kwa lugha ya kwetu, sauti ya chini nisisikie, nami nilisikia nikaelewa vingine: mwanangu hawezi kuachwa hivi hivi, kama mbwa wa barabarani. Mengine alimwambia Mama wakiwa peke yao: maiti hatuna. Kaburi hatuna. Basi angalau watu wakae chini kwa ajili yake, siku moja.

Ndipo Mama akanishika mkono, tukaenda mjini kununua zulia.

Duka lilikuwa la Mhindi mpaka Wahindi walipofukuzwa. Sasa lilikuwa la mama mmoja mnene mwenye saa mbili mkononi, mmoja wa wale waliogawiwa maduka, tuliokuwa tukiwaita mafuta mingi. Ndani mlikuwa na vitu visivyo na ndugu: kinu cha kusagia bizari, magongo ya hoki, picha za harusi zenye fremu, watu wenyewe wakiwa bado ndani wanatabasamu. Na mazulia, yamesimamishwa ukutani yamekunjwa, yenye harufu ile.

Mimi nilikwishapata langu. Lilikuwa dogo, la buluu, lenye tausi wawili. Mama hakulitazama. Hakuuliza bei wala rangi. Alimwambia mwenye duka afungue moja, akavua viatu, akakaa katikati yake, akanyoosha miguu, akaniambia nikae kando yake ninyooshe yangu. Kisha akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki, kulia na kushoto.

"Hapa tunaenea sita," akasema, akainuka. "Fungua lingine."

"Nnyabo, mama," mwenye duka akacheka, "wewe nafanya nini? Kapeti si ya kukalia. Kapeti naweka chini, viti nakaa juu, na wewe nakaa juu ya kiti. Hujaona kapeti?"

"Nimeona. Nataka kubwa. Ya watu kumi na mbili."

"Banange! Kapeti ya watu! Mimi hapa nauza kwa futi." Akawageukia wateja wawili waliokuwa wakipekua vitambaa. "Huyu nataka kapeti ya watu kumi na mbili. Kwani ni kitanda?"

Walicheka. Nikaona aibu, nikamvuta Mama gomesi, nikamwambia kwa lugha yetu aache kukaa kaa chini. Mama wa rafiki yangu mmoja alikuwa akisema watu wa kaskazini ni washamba, na sasa Mama yangu alikuwa anawathibitishia, akihama zulia hadi zulia, ananyoosha miguu, anahesabu. Hakunijibu. Alikaa juu ya mazulia matano. Leo nikimkumbuka vile, mjane katikati ya vicheko, anawapima waombolezaji wa mumewe kwa kiganja, natamani nirudi nimtandike kofi yule mtoto aliyekuwa anamvuta nguo.

Mawili tu yalitosha. Moja lilikuwa la kijivu kama blanketi la jeshi. La pili lilikuwa rangi ya machungwa yaliyoiva, na miduara ya kahawia, mikubwa kama sinia.

"Hii nzuli sana," mwenye duka akasema akilipiga teke hilo la machungwa. "Ilitoka Kololo, nyumba ya dakitali."

Lilikuwa na mashimo manne, mahali miguu ya kitanda ilipokuwa imekandamiza sufu. Niliingiza kidole katika moja. Nikauliza kitanda kilikuwa cha nani, na mwenye duka akasema wenyewe walikwenda, kana kwamba walikwenda sokoni. Sikufikiri zaidi. Sasa nafikiri, na si fikra nzuri, kwamba hatukuwa na mahali pa kumlilia mtu wetu isipokuwa juu ya kitu walichonyang'anywa watu wengine.

Mama aliniambia, "Chagua wewe. Wewe ndiye unayejua baba yako anapenda nini."

Mnaweza kuelewa furaha yangu? Nilichagua la machungwa. Nilimwambia kwamba Baba akiingia ataliona tangu mlangoni, na Mama akasema ndiyo, ataliona. Kisha akamgeukia mwenye duka, wakapatana: zulia lile kwa viti vinne vya mvule. Mwenye duka alikubali upesi mno, maana mbao za namna ile zilikuwa hazipatikani tena, na jioni ile ile akaleta pikapu.

Kambi nzima ilitoka kutazama viti vya Baba vikipandishwa garini. Na kambi nzima ikaona zulia likishushwa, linang'aa, linahitaji watu watatu kulibeba. Hakuna aliyewaza msiba. Walichowaza walikisema bombani kesho yake, mbele yangu, nikisubiri zamu ya ndoo.

"Bwana hata hajapatikana," jirani yetu wa mlango wa pili alisema, "yeye nauza viti yake, naremba nyumba. Wanawake wengine hawana haya kabisa."

"Labda iko na mwingine nakuja," akasema mwenzake.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa na mdomo. Nikaweka ndoo chini. "Hakuna mwingine!" nikawapigia kelele. "Ni Baba! Baba anarudi, ndiyo maana tumenunua zulia. Nyanya amekuja kumpokea. Mtaona!"

Wakatazamana. Yule wa mlango wa pili akachukua ndoo yake kabla haijajaa, akaondoka. Nilirudi nyumbani nimewaweza.

Jumapili baada ya ibada wanawake wakaanza kuja. Waliingia mmoja mmoja, mwingine akija robo saa baada ya mwenzake, na kila mmoja alisema kwa sauti pale mlangoni, watu wasikie, kwamba amekuja kuona kapeti mpya. Walikuwa wa kwetu wote, wake za polisi, na wawili kati yao waume zao pia walikuwa hawajarudi. Walivua viatu. Walikaa juu ya miduara ya kahawia, wakanyoosha miguu, na walipotimia, pamoja na Mama na Nyanya, walikuwa kumi na wawili kamili, goti kwa goti. Niliona ajabu jinsi Mama alivyopatia.

Nilikuwa mwenyeji. Niliwagawia chai isiyo na sukari, sukari ilikuwa imeadimika, nikawaeleza zulia langu: limetoka Kololo, nyumba ya daktari, nililichagua mwenyewe, lile jingine lilikuwa baya. Walilishika shika tu kwa vidole. Nyanya alikaa pembeni na shati la kazi la Baba mapajani, lililofuliwa na kupigwa pasi, na nilidhani analikalia zamu lisikunjamane mpaka mwenyewe aje. Mwanamke mmoja alinivuta akanikumbatia kwa nguvu, nikahisi kifua chake kinatetemeka. Machozi yalikuwepo, ndiyo. Lakini nilikwisha kuwaona watu wazima wakilia harusini.

Sajini hakubisha hodi. Aliingia na buti zake hadi pembeni ya zulia, askari mmoja nyuma yake.

"Hii mkutano ya nini?"

"Si mkutano, afande," Mama akasema, akiinuka magotini. "Wamama wamekuja kuona kapeti."

"Wapi viti?"

"Nilibadilisha na kapeti. Watu wote waliona."

Alitazama miguu iliyonyooshwa, duara zima. Alimtazama Nyanya na shati lake. Hakuwa mjinga. Kisha akanigeukia mimi, akainama, akatabasamu, na meno yake yalikuwa mazuri sana, nayakumbuka.

"Wewe mutoto. Mimi nasikia baba yako nakuja. Ni kweli?"

"Ndiyo, afande," nikasema. "Anarudi. Ndiyo maana tumenunua zulia."

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, ila hapa mdomo ulikuwa wangu na kichwa kilikuwa cha Mama. Sajini alinyooka taratibu.

"Mutoto hasemi uongo," akamwambia Mama. "Kama mutoro nakuja, basi wewe najua iko wapi. Sasa twende, wewe naonyesha sisi."

Niliona uso wa Mama, nikasogea karibu naye. Leo najua hesabu aliyokuwa akiifanya. Akikiri kwamba Baba anarudi, anachukuliwa akaonyeshe alipojificha mtu asiye na maficho. Akisema amekufa, anachukuliwa akaeleze aliyemwambia, na konstebo yule anaangamia naye. Palibaki mlango mmoja tu, nao ulikuwa mchafu.

"Afande," Mama akasema, na akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka vile. "Huyu mutoto anaota. Mimi ndiye namwambia hivyo, asinisumbue. Yule bwana alinitupa. Alikuwa na mwanamke wa Kongo, muuza vitenge, wamekwenda huko kwao. Nani anamtaka? Mimi nimechoka kungoja. Naremba nyumba yangu, labda nitapata mwanamume anayejua thamani."

Sajini hakusadiki bado. Akamwonyesha Nyanya kwa kidevu. "Huyu nani?"

Nyanya hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni. Lakini alikuwa ameelewa. Alilikunja shati la mwanawe, akaliweka chini ya paja.

"Mimi mama yake," akasema. "Kijana yangu mbaya. Takataka. Nakimbia na malaya, naacha mutoto. Mimi hapana kijana tena."

Aliyasema hayo kwenye matanga ya mtoto wake, amekaa chini kwa ajili yake. Nililia kwa hasira, nikapiga mguu chini, nikasema si kweli, Baba hana mwanamke, na kilio changu hicho ndicho kilichomfanya sajini acheke hatimaye. Aliona nyumba iliyojaa ugomvi wa kawaida. Uongo ule ulikuja kutusumbua baadaye, kwa sababu alilishika neno la Mama kuhusu mwanamume anayejua thamani, akaanza kuja peke yake, na sukari. Ndiyo maana tulivuka mpaka kwenda Kenya kabla mwezi haujaisha, na zulia tukaliacha limetandikwa. Lakini hilo lilikuwa bado. Siku ile alivuta stuli ya jikoni, akakaa mlangoni, akakunja mikono.

"Kumbe sherehe," akasema. "Kama sherehe, nyinyi cheza. Mimi nataka kuona."

Hakuna aliyesogea. Wanawake kumi na wawili walitazama miguu yao. Nasikia hata sasa kuku wa Nyanya akiparua nyuma ya mlango.

Nyanya ndiye aliyeinuka. Alishika ukuta, akaenda hadi kwenye meko, akarudi na mwiko. Akasimama katikati ya zulia, akaanza kuimba kwa lugha ya kwetu, sauti nyembamba ya kikongwe, na mguu wake wa kulia ukapiga chini, mara mbili, ukapumzika, mara mbili tena. Mwanamke mmoja akavuta pumzi kwa nguvu. Kisha wakainuka wote, mmoja baada ya mwingine, Mama akiwa wa mwisho, wakajipanga nyuma yake na kuitikia.

Mimi nilizaliwa Kampala. Wimbo ule sikuujua, wala ngoma ile sikuwahi kuiona. Niliiona tena nikiwa na watoto wangu, siku niliyopelekwa nyumbani kwetu kumaliza msiba wa mjomba, na nilipoona mguu ukipiga mara mbili na kupumzika, ilibidi nishikwe. Si ngoma ya harusi. Kwetu inachezwa siku moja tu, marehemu anapoagwa kwa mara ya mwisho, na wanaume hushika mikuki, wanawake hushika chochote, wakakifukuza kifo nyumbani mpaka nje ya boma.

Sajini alitoka upande mwingine wa nchi. Aliona kikongwe na wake za polisi wanacheza, akapiga makofi, nje ya mpigo. Nyanya alimwendea mbio na mwiko, ameuinua begani, macho yamemtoka, akasimama hatua moja mbele ya uso wake, akarudi nyuma. Alifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu sajini alirudi nyuma na stuli yake hadi nje ya kizingiti, anacheka hadi machozi. "Huyu muzee iko kali!" akamwambia askari wake. Zulia lilikuwa nene mno, miguu kumi na miwili ikipiga kwa pamoja haikutoa sauti, ulisikia pumzi zao tu.

Na mimi nilicheza. Hasira ilikuwa imenitoka. Niliona wamekasirika, wamesutana, na sasa wamepatana, kama ilivyo kwa watu wazima. Nilijiweka nyuma ya Nyanya, nikamfuata mguu kwa mguu, nikaokota kijiko nikakiinua kama mkuki, nikamwendea sajini nami. Alinipigia makofi mimi kuliko wote. Sikuwahi kucheza vizuri vile, wala sijacheza tena.

Alipochoka aliinuka, akasema kapeti ni nzuri, akaondoka. Wanawake waliendelea mpaka buti zikasikika zimevuka nyumba ya mwisho. Ndipo Nyanya akakaa chini, akachomoa shati, akaliweka usoni, na wengine wakakaa kumzunguka, wameuma leso zao.

Nilikuwa nahema, jasho linanitoka. Nikamkimbilia Mama, nikamwambia kwamba Baba akirudi nitamchezea hivi hivi, na kijiko changu.

Mama alinikalisha katikati ya miguu yake iliyonyooshwa, akaweka mdomo kwenye sikio langu. "Harudi, Aber," akasema. "Amekufa. Hii ndiyo ngoma yake, hatapata nyingine. Na wewe umemchezea vizuri."

Nilifungua mdomo, na kabla sauti haijatoka, alinifunika kwa kiganja.